Mtungi wa Mama na Maji ya Ziwa

Siku maji ya ziwa yalipotoka kwa mara ya kwanza kwenye bomba la uani kwetu, nilimwaga ndoo sita. Naitaja idadi hiyo kwa sababu jirani yangu huitaja kila akipata nafasi, na afadhali uisikie kwangu kwanza. Nilizimwaga kwenye shina la mpapai, moja baada ya nyingine, huku nikipaza sauti kama mtu anayeokoa mtaa mzima: "Msinywe! Msinywe! Wametutilia chokaa!"

Maji yalikuwa meupe. Sisemi meupe kwa maana ya safi. Yalikuwa meupe kama maziwa ya duka la mtu asiye mwaminifu. Nilikuwa nimeyasubiri kwa muda mrefu, na yalipokuja na sura ile niliona nimedhulumiwa mimi binafsi.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mmoja wa rika langu anayekaanga maandazi na kuyauzia getini kwake, alikuja na unga wa ngano mpaka kwenye viwiko. Alikinga maji kwenye glasi, akaiweka juu ya ukuta, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Subiri," akasema.

Tukasubiri. Weupe ukaanza kuondoka kutoka chini ya glasi ukipanda juu, taratibu, kama pazia linalokunjwa. Haikupita muda glasi ikawa angavu kiasi kwamba niliona tundu la msumari kwenye ukuta nyuma yake.

"Hewa hiyo, fundi. Bomba lilikuwa tupu, limejaa hewa. Soda nayo ina hewa, mbona huimwagii mpapai?"

"Wewe umejuaje?"

"Walitangaza. Gari la kipaza sauti limepita hapa juzi mara mbili. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa ndani. Mimi huwa ndani.

Hapo ni lazima nijieleze kidogo. Mimi ni fundi cherehani. Nashona kanzu na kutarizi shingo zake, kazi ninayoifanyia barazani kwangu, hatua nne kutoka kitandani, na katika hatua hizo nne sioni upungufu wowote. Igalula, ambayo kwa treni ni hapo tu, nimefika mara moja maishani na nikarudi siku ileile. Watu wa mtaani hunitania kwamba mji wa Tabora ulijengwa na wasafiri, watu waliotembea miezi kwa miguu kutoka pwani na mizigo vichwani, sasa mimi nimetokea wapi. Jibu langu ni lilelile siku zote: katika kila msafara alikuwepo mmoja aliyefika hapa, akavua viatu, akasema basi, inatosha. Mimi ni mjukuu wa huyo.

Mke wangu ndiye aliyerithi miguu ya wale wengine. Anafanya biashara ya vitenge Nzega, anaondoka Jumamosi na kurudi anapojisikia kurudi. Nyumbani tunabaki mimi, cherehani, na mama yangu mzazi, ambaye umri wake haulizwi.

Na mtungi wa mama. Huo ni mtu wa nne katika nyumba yetu.

Unakaa kwenye kona ya baraza, juu ya mchanga uliolowana, na kata ya kibuyu imening'inia ukutani kando yake. Mama hajawahi kunywa maji kutoka chombo kingine akiwa nyumbani. Na mtungi wake haujazwi hivihivi, hufukizwa kwanza. Unaweka makaa kwenye chetezo, unatia ubani na vibanzi viwili vitatu vya kuni ngumu, kisha unaupindua mtungi mdomo chini juu ya ule moshi mpaka udongo unywe harufu. Ndipo unatia maji. Mama alifundishwa na bibi yake, na bibi yake alifundishwa na mwanamke wa Mrima, kule pwani, aliyepanda huku na msafara, akabeba desturi hiyo mabegani mwake wakati wengine wamebeba vitambaa na shanga. Mgeni akinywa maji kwetu alikuwa anafumba macho kidogo kabla ya kurudisha kata.

Maji yenyewe enzi hizo yalitoka kwenye kisima chetu cha uani. Masika yalikuwa maji. Kiangazi yalikuwa na rangi ya chai isiyo na majani ya kutosha, na harufu ya tope ambayo ubani ulikuwa unaifunika vizuri. Sikuwahi kujiuliza ubani unafunika nini kingine. Kisha akaja bwana afya, akapima kwa hatua kutoka kisimani hadi chooni kwetu, akarudia kupima kutoka kisimani hadi chooni kwa jirani, akatikisa kichwa mara mbili. Kisima kikafunikwa kwa mfuniko wa zege. Siku hizi mama huanika pilipili juu yake.

Kwa hiyo naomba ieleweke kwamba maji ya ziwa nilikuwa nayashukuru kwa dhati. Ziwa lenyewe sijaliona na sina mpango wa kwenda kuliona. Limeamua kunifuata, na huo ndio uhusiano ninaoupenda. Linapitia Nzega kuja kwangu wakati mke wangu anatoka kwangu kwenda Nzega. Hupishana njiani.

Shida ilianza wiki chache baadaye, na ilianzia kwenye kata.

Maji ya bombani yalikuwa na harufu kidogo ya dawa, ile inayowekwa kuua vijidudu. Kidogo tu, kama nguo nyeupe iliyoanikwa karibu. Lakini mama ana pua ambayo ingeweza kuajiriwa. Alinusa kata, akanitazama.

"Mkeo aliufukiza lini huu mtungi?"

"Alhamisi, kama kawaida."

"Basi ufukize wewe. Maji yana dawa."

Nikaufukiza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na kama mnavyojua mwanamume akifanya kazi ya nyumbani kwa mara ya kwanza haifanyi, anaitangaza. Niliongeza ubani maradufu. Vibanzi vya kuni nilitia kiganja kizima. Moshi ulitanda mpaka jirani akauliza juu ya ukuta kama tunaungua au tuna harusi.

Mama akaonja. Akatema.

"Yamezidi."

Nikaufukiza tena kesho yake. Na kesho kutwa. Kila nilivyozidisha moshi, ndivyo maji yalivyozidi kuwa na ladha isiyo na jina jema: ladha ya bandeji mbichi, ya korido ya wodi asubuhi wanapopiga deki. Ilikuwa inakaa nyuma ya ulimi na haiondoki hata kwa tende. Mimi mwenyewe nikawa nakunywa chai tu. Mama akawa ananyanyua kata, anainusa, anairudisha ukutani imejaa.

"Haya maji yametoka hospitali," akasema. "Warudishieni wenyewe."

Tulicheka. Tulicheka kama wiki hivi, mpaka asubuhi moja mama alipoamka ana homa na maumivu chini ya kitovu, na ilipofika saa nne hakutaka hata kukaa.

Nikampeleka kituo cha afya. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alipima mkojo, akatoa dawa, kisha akaishika ngozi ya mgongo wa mkono wa mama kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama hema.

"Mama huyu amekauka," akaniambia. "Dawa peke yake haitafanya kitu. Anywe maji, mzee, jagi na jagi. Leo ni Jumatatu. Mrudishe Alhamisi nimwone. Nikimkuta hivi, tutamlaza tumtundikie dripu."

Kwenye neno *tutamlaza* mama alinishika mkono. Baba yangu alilazwa kwa siku mbili tu, walisema, na kilichorudi nyumbani siku ya tatu kilikuwa jeneza. Mama hajawahi kulisema hilo kwa sauti. Alinishika mkono tu, na vidole vyake vilikuwa vikavu kama karatasi ninayopimia na kukatia kanzu.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja, na inaonekana rahisi: mama anywe maji.

Hakunywa. Nilimnunulia maji ya chupa. Alipiga mafunda mawili akasema haya yamekufa zamani. Uji alikunywa vijiko vitatu kwa ajili ya kunifurahisha. Nilipomletea kata ya mtungi wake mwenyewe, alijaribu, nilimwona anajaribu, lakini koo lilikataa na maji yakamwagika kwenye kanga. Jirani alileta jagi kutoka bombani kwake. Mama akanusa.

"Haya nayo yana dawa," akasema kwa sauti nyembamba, "ila haya yana aibu kidogo."

Ningekuwa na akili timamu ningesimamisha kila kitu nikatafakari neno lile. Maji ya jirani na maji yangu yanatoka bomba moja. Kwa nini yake yawe na aibu na yangu yawe hayana? Badala yake niliona mama anasema kwa heshima tu, kwa kuwa jirani amesimama pale.

Jumanne jioni, jua halijazama, mama alifungua macho akaniita kwa jina la baba. Hakukosea kama watu wanavyokosea majina. Aliniita na kuniuliza kama nimefunga ng'ombe. Hatujawahi kuwa na ng'ombe; yeye na baba walikuwa nao kabla sijazaliwa.

Nikatoka nje nikasimama kando ya mtungi. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na kemia nilipata alama ambayo mwalimu aliiandika kwa penseli kana kwamba anaona haya. Lakini hoja nilijenga, na niliiona imesimama wima: mtungi ni uleule. Ubani ni uleule. Mama ni yuleyule. Kilichobadilika ni maji. Kwa hiyo kosa ni la maji. Nikiwa bado na msiba wa ndoo sita moyoni, nilitamani sana, pamoja na yote, safari hii niwe sahihi.

Jumatano asubuhi nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikamwomba jirani akae na mama, nikatoka.

"Unakwenda wapi?" akauliza, kwa mshangao wa mtu aliyeona kabati linatembea.

"Ofisi ya maji. Kuwashitaki."

"Fundi, mimi nakunywa maji hayohayo."

"Dada, ulimi wako umekaangwa pamoja na maandazi."

Akaniacha niende. Nadhani alitaka kuona mwisho wake.

Ofisini nilizungumza kwa dakika nyingi. Nilitumia neno *uhai* mara tatu. Dada wa mapokezi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Harufu hiyo, baba, unaisikia bombani au ndani ya nyumba?"

Nikamjibu kwamba kwangu bomba na nyumba ni kitu kimoja. Akaandika. Akasema leo hii atakuja mtu.

Sikuamini, lakini nilijiandaa kana kwamba naamini. Nilikusanya majirani wanne wawe mashahidi. Baada ya adhuhuri ikaja pikipiki, akashuka binti aliyejitanda mtandio, juu yake fulana ya kung'aa, mkononi ana kisanduku kidogo kama cha sindano zangu.

"Shikamoo baba. Mimi napima ubora wa maji. Bomba liko wapi?"

"Marahaba. Bomba ni lile. Na hawa ni mashahidi."

Aliwaamkia mashahidi mmoja mmoja bila kutabasamu, jambo lililonipa matumaini. Kisha akafungulia bomba akaliacha litiririke kwanza. Akakinga glasi, akainyanyua kwenye mwanga, akaigeuza. Akaifunika kwa kiganja, akaizungusha, akafunua na kunusa upesi kabla harufu haijakimbia. Akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni huku akitazama mpapai. Akameza. Halafu akatia maji kidogo kwenye kichupa, akadondosha kidonge, na maji yakageuka rangi ya waridi hafifu.

"Dawa ipo," akasema.

"Mmesikia!" nikawageukia mashahidi. "Amekiri mwenyewe!"

"Ipo kwa kipimo chake, baba, na inatakiwa iwepo. Maji haya yametembea kutoka ziwani mpaka hapa. Bila mlinzi, yangekufikia yamechukua kila uchafu uliokutana nayo njiani." Akafunga kisanduku. "Sasa nionyeshe yale mnayokunywa."

Nikampeleka barazani kwa hatua za mshindi. Akachota kwa kata. Hakufika hata kwenye kuonja; alinusa tu, akakunja uso, akaitazama kata, akautazama mtungi, akanitazama mimi.

"Baba, huu mtungi huwa mnaufukiza?"

"Ni desturi yetu."

"Ni desturi nzuri. Hata bibi yangu alikuwa anafukiza. Umefukizwa lini mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi."

"Na kabla ya hapo?"

"Jana."

"Kwa wiki, kama mara ngapi?"

"Muulize kwa siku!" akasema jirani yangu kutoka nyuma.

Binti akaomba mtungi mwingine ambao haujapata moshi. Jirani akaenda kuleta wake. Binti akamwaga yaliyokuwa kwenye mtungi wa mama, kisha akajaza mitungi yote miwili kutoka bomba moja, mbele ya mashahidi niliowakusanya kwa mikono yangu, na akasema tusubiri. Kwa mara ya pili mwaka ule nikasimama nikisubiri maji yanihukumu. Mashahidi walikaa mkekani. Mmoja aliomba andazi.

Baadaye akanipa vikombe viwili. Cha kwanza, cha mtungi wa jirani: maji, na kaharufu kale kadogo ka nguo nyeupe. Cha pili, cha mtungi wetu: wodi nzima na wagonjwa wake.

Niliviweka vikombe chini, mbali na macho ya mashahidi.

"Moshi una vitu vyake," binti akaeleza, kwa sauti ya chini kidogo, na kwa hilo la kushusha sauti namshukuru kuliko kwa mengine yote. "Vinaingia kwenye udongo vinakaa. Dawa ya maji ikivikuta, vinazaa ladha hii. Moshi peke yake hauna neno, dawa peke yake haina neno. Ni vikikutana. Kisima chenu hakikuwa na dawa, ndiyo maana zamani hamkuisikia. Na wewe, baba, kila ukitaka kuifukuza, ulikuwa unaizidishia kuni."

Nikamwambia kuhusu mama. Nilimwambia yote, mpaka lile jina la baba na ng'ombe. Sikuwa na kanzu ya kujifichia tena.

Akavua viatu akaingia ndani, akachutama kando ya kitanda.

"Shikamoo mayu," akasema, kwa neno letu la huku la kumwita mama. Mama akafungua macho.

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Mwanao alikuja ofisini."

Mama akanitazama, halafu akamtazama yeye. "Alitoka nje?"

"Alitoka, mayu."

"Alitoka nje kwa ajili ya maji yangu," mama akasema polepole, kama mtu anayehesabu, na akafumba macho tena. Nikapata sababu ya kwenda kurekebisha pazia.

Dawa ya kuondoa dawa, binti alinifundisha, ni hewa na subira. Sufuria pana, safi, isiyo na moshi. Jaza maji ya bomba, funika kwa kitambaa chepesi ili vumbi na nzi wasiingie lakini maji yapumue, uyaache kivulini mpaka asubuhi. Harufu itaondoka yenyewe. Ila mlinzi akiondoka, nyumba isiachwe wazi: kunywa maji hayo siku hiyohiyo, chotea kata safi, na kesho uanze upya. Mtungi wa mama usuguliwe, ujazwe na kumwagwa mara nyingi, uanikwe juani siku kadhaa. Kwa sasa tumia wa jirani.

Nikachukua sufuria kubwa ya pilau. Nikachagua kipande cha melimeli kilichobaki kwenye kanzu ya bwana harusi mmoja, nikakikunja pindo kwa sindano ya mkono, kwa sababu hata katika shida siwezi kuweka kitambaa kisicho na pindo. Nikafunika.

Alhamisi, nilipotoka kuswali alfajiri, nilinyanyua kitambaa nikainamisha pua. Nilinusa tena. Hapakuwa na kitu. Sikujua kwamba kukosa harufu kunaweza kumfanya mtu mzima apige magoti jikoni.

Nikamimina kwenye mtungi wa jirani, nikayaacha yapoe kwenye udongo huku nikipanga mito nyuma ya mgongo wa mama. Nikachota kwa kata yake mwenyewe ya kibuyu. Akanusa. Akanusa tena, akinitazama juu ya ukingo wa kata, kwa sababu hata akiwa mgonjwa hawezi kuacha kunitesa.

Akaonja. Akaliweka funda mdomoni muda mrefu, kama alivyofanya yule binti. Akameza.

"Yamekosa ubani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ni maji, lakini. Haya ni maji."

Akanywa kata yote. Niliiona inavyoinuka mpaka kitako kikatazama dari. Akanipa tupu.

"Ongeza."

Aliongezwa mara nne kabla jua halijawa kali, na katikati ya ile ya tatu aliniita kwa jina langu, akaniambia kola ya ile kanzu niliyoitundika imepinda. Ilikuwa imepinda kweli. Sijawahi kukosolewa nikafurahi kiasi kile.

Mchana tulikwenda kituo cha afya. Daktari alisema homa imeshuka. Akaivuta ngozi ya mkono wake, akaiachia, ikarudi. Polepole, kizee, lakini ikarudi. "Endelea hivyohivyo," akasema, "mpeleke mama nyumbani." Mama alitangulia mlangoni kabla hajamaliza kusema *nyumbani*.

Siku hizi mtungi wake umerudi kwenye kona yake. Unafukizwa Alhamisi tu, kipande kimoja cha ubani, pumzi mbili tatu za moshi, basi, na kinachoingia ndani ni maji yaliyokwisha kulala sufuriani. Mke wangu aliporudi kutoka Nzega alionja, akafumba macho kidogo, akaniuliza nani amemfundisha mumewe. Sikumjibu kwa kirefu. Yule binti wa maji akipita mtaani na pikipiki yake mama humwita kwa nguvu, na lazima ashuke anywe kata moja. Anashika funda mdomoni kama yuko kazini, halafu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Na bomba likikatika kwa ajili ya matengenezo, maji yakarudi meupe kama maziwa, mimi ndiye ninayepita nyumba hadi nyumba kuwatuliza watu: subirini, ni hewa tu. Yakirudi na wekundu wa udongo, nawaambia wayaache yatiririke kwanza wamwagilie mipapai yao. Baadhi wananiita mtaalamu. Sijawasahihisha.

Kila asubuhi nikikunja kile kitambaa cha melimeli na kukuta maji yametulia, nasema alhamdulillah kabla ya kuchota. Naishukuru ile kazi ya watu nisiowajua, waliotazama maji haya kwenye mwanga na kuyanusa na kuyaonja kabla yangu, ili mimi niweze kukaa nyumbani.

Juzi nilirudisha mtungi wa jirani, nimeujaza maji kama adabu inavyotaka. Nikamshukuru kwa yote, kisha nikavuta pumzi nikasema, kwa ile sauti ya mtaalamu, kwamba wazee ni wagumu sana, yaani mama alivyokuwa anakataa maji siku zile, ilikuwa mtihani mkubwa.

Jirani akageuza andazi moja kwenye mafuta, akalitazama lilivyoiva, ndipo akanitazama mimi.

"Fundi, mama yako hakukataa maji hata siku moja, alikuwa anakataa upishi wako."